Kompyuta ya mezani kwa fedha chache: mnunuzi achunguze nini kabla ya kulipa?

Kwa mwenye kibanda cha kuchapa barua na kutoa fotokopi, iwe Buyenzi mjini Bujumbura, Nyamirambo mjini Kigali au katikati ya jiji la Kampala, kompyuta ya mezani si pambo la ofisi. Ni jembe lake. Ikilala siku mbili kwa fundi, wateja huhamia kibanda cha jirani, na baadhi yao hawarudi tena. Ndiyo maana fedha za kuinunua, ambazo mara nyingi hukusanywa kwa upatu au kwa mkopo wa kikundi, hazistahili kutumiwa kwa kubahatisha.

Mambo mawili yamelibadilisha soko la kompyuta za bei nafuu: kumalizika kwa huduma za mfumo wa Windows 10, na kupanda kwa bei ya kumbukumbu za kompyuta duniani. Asiyeyafahamu mambo haya anaweza kununua kwa bei ya kuvutia mashine ambayo umri wake umekwisha.

Tarehe iliyoligawa soko

Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma za kawaida kwa Windows 10. Mashine zenye mfumo huo hazikuzimika siku hiyo. Zinaendelea kuwaka na kuchapa kama jana, lakini hazipokei tena masasisho ya usalama isipokuwa kwa wale waliojiandikisha katika mpango wa nyongeza, ambao kwa watumiaji wa kawaida ulipangwa kufikia kikomo tarehe 13 Oktoba 2026. Kompyuta isiyopata masasisho ni kama nyumba ambayo kitasa chake kimejulikana na wezi: huenda usiku huu wasije, lakini mlango hauna ulinzi.

Mrithi wake, Windows 11, ana masharti makali zaidi. Anahitaji kumbukumbu ya gigabaiti 4 angalau, nafasi ya kuhifadhi ya gigabaiti 64, kijenzi cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0, na kichakataji kilichomo katika orodha iliyoidhinishwa. Kwa vichakataji vya Intel, orodha hiyo inaanzia kizazi cha nane kwa sehemu kubwa, yaani mashine zilizotengenezwa kuanzia mwishoni mwa 2017 na 2018. Kwa vile vya AMD, inaanzia karibu na mfululizo wa Ryzen 2000, ingawa si vyote vya mfululizo huo vimekubaliwa.

Kompyuta zisizotimiza masharti haya huondolewa katika maofisi ya Ulaya, Marekani na kwingineko, na nyingi huishia katika masoko ya mtumba, yakiwemo ya kwetu, kwa njia ya bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Bei yake huwa ndogo kwa sababu hiyo hiyo. Mnunuzi afahamu pia kwamba kuiona Windows 11 ikiwaka dukani si ushahidi wa kutosha. Fundi mjuzi anaweza kuisimika kwa nguvu katika mashine isiyokubaliwa, na Microsoft haitoi ahadi kwamba mashine ya namna hiyo itaendelea kupata masasisho.

Jina kubwa si nguvu

Wauzaji wengi husifu kompyuta kwa neno moja: “Hii ni i7.” Sifa hiyo peke yake haina maana. Kinachopaswa kusomwa ni namba inayofuata baada ya kistari. Ikiwa namba ina tarakimu nne, tarakimu ya kwanza ndiyo kizazi: i5-8500 ni ya kizazi cha nane, na i7-2600 ni ya kizazi cha pili. Ikiwa ina tarakimu tano, tazama mbili za mwanzo: i3-12100 ni ya kizazi cha kumi na mbili.

Tulinganishe hizo mbili za mwisho. Core i7-2600 ilitoka mwaka 2011, na Core i3-12100 ilitoka mwaka 2022. Zote zina viini vinne. Hata hivyo, ile ya pili, yenye jina dogo, huifanya kazi ile ile kwa kasi kubwa zaidi, na kiwango chake cha msingi cha umeme ni wati 60 ilhali ile kongwe imepangiwa wati 95. Anayenunua kwa kufuata jina la i7 atalipia heshima ya zamani. Tangu mwishoni mwa 2023 Intel imeanza kuiacha herufi “i” katika baadhi ya majina yake mapya, kwa hiyo mwaka wa kutolewa kwa kichakataji uulizwe daima.

Kwa kuandika barua, kujaza fomu za serikali katika intaneti, kutunza hesabu za duka na kuchapa picha za pasipoti, Core i3 au i5 ya kizazi cha nane hadi cha kumi na mbili inatosha kabisa. Kadi ya michoro ya gharama kubwa ni ya wachezaji wa michezo na wahariri wa video. Mwenye kibanda haihitaji.

Kwa nini kumbukumbu imepanda bei?

Kwa miaka mingi mafundi walitoa ushauri mmoja: nunua kompyuta yenye kumbukumbu ndogo, kisha uongeze baadaye utakapopata fedha. Ushauri huo ulikuwa mzuri wakati bei za vijenzi zilikuwa zikishuka. Tangu mwishoni mwa 2025, hali imegeuka.

Sehemu kubwa ya kumbukumbu za kompyuta duniani hutengenezwa na kampuni tatu tu: Samsung na SK Hynix za Korea Kusini, pamoja na Micron ya Marekani. Vituo vikubwa vya data vinavyojengwa kwa ajili ya akili bandia vinahitaji kumbukumbu nyingi mno na viko tayari kulipa zaidi. Watengenezaji wameelekeza viwanda vyao kwa wateja hao, na kiwanda kipya huchukua miaka kukamilika. Desemba 2025 Micron ilitangaza kwamba itaachana na Crucial, chapa yake iliyokuwa ikiuzwa kwa wanunuzi wa kawaida. Mwenye kibanda hajawahi kukutana na vituo hivyo vya data, lakini anagombea nao bidhaa ile ile.

Matokeo yake kwa mnunuzi ni mawili. Kwanza, ni busara kununua mashine ambayo tayari ina kumbukumbu ya kutosha. Gigabaiti 8 ni kiwango cha chini cha kufanyia kazi bila kero. Gigabaiti 16 zitaipa kompyuta maisha marefu zaidi. Pili, ahakikishe kwamba kumbukumbu aliyoonyeshwa ndiyo anayokabidhiwa, kwa kuwa kipande kidogo kinachoweza kuchomolewa kwa dakika moja sasa kina thamani kubwa. Anayetaka kuongeza baadaye akumbuke kwamba kumbukumbu za aina ya DDR4 na DDR5 haziingiliani.

Kuhusu diski, shauri ni fupi: SSD, ile isiyo na kisahani kinachozunguka, ndiyo inayoonyesha tofauti kubwa kuliko kijenzi kingine chochote katika mashine kongwe. SSD ya gigabaiti 256 kutoka chapa inayojulikana ni bora kuliko ile inayodaiwa kuwa na terabaiti 2 kwa bei ya kutupa. Diski za namna hiyo mara nyingi hudanganya ukubwa wake, na mwenye nazo hugundua siku faili zake zinapopotea.

Mpya au ya ofisini?

Kompyuta mpya ya bei ya chini kabisa ina waranti, lakini mara nyingi huja na kichakataji dhaifu na kumbukumbu ya gigabaiti 4. Kwa fedha hizo hizo, huenda ikapatikana mashine ya ofisini iliyotumika na kukarabatiwa, kama Dell OptiPlex, HP ProDesk au Lenovo ThinkCentre ya kizazi cha nane au zaidi. Mashine hizi zilitengenezwa kwa ajili ya kufanya kazi siku nzima, na vipuri vyake si vigumu kupatikana kwa sababu zimeenea. Tahadhari ni moja: zile ndogo sana hutumia vijenzi vya umeme vya umbo lake maalumu, visivyobadilishwa na vya kawaida.

Anayevuka mpaka kufuata bei nafuu apige hesabu ya safari ya kurudi. Waranti ya duka la Kampala haina msaada mkubwa kwa mtu anayeishi Bujumbura, kwani nauli ya kuirudisha mashine mbovu inaweza kuila faida yote. Aulize pia mapema kodi inayotozwa mpakani, maana viwango hutofautiana baina ya nchi, na adai risiti yenye namba ya mashine.

Gharama zisizoandikwa kwenye lebo

Kompyuta ya mezani huuzwa kama sanduku. Mnunuzi bado anahitaji skrini, kibodi, kipanya na waya. Skrini kongwe nyingi zina tundu la VGA pekee, ilhali sanduku la kisasa linaweza kuwa na HDMI au DisplayPort tu. Kifaa cha kuunganisha si ghali, lakini asiyekijua atarudi sokoni siku ya pili.

Umeme ni gharama inayojirudia kila mwezi. Tuseme mashine kongwe pamoja na skrini yake hutumia wati 120, na nyingine ndogo ya kisasa hutumia wati 50. Zikifanya kazi saa nane kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ya kwanza itakula uniti 25 hivi na ya pili uniti 10 na kidogo. Tofauti hiyo ya uniti kama 15 kila mwezi ipigiwe hesabu kwa miaka mitatu kabla ya kusema ipi ni rahisi.

Aidha, kompyuta ya mezani haina betri. Umeme ukikatika, kazi isiyohifadhiwa hupotea, na diski inaweza kuharibika. Kifaa cha UPS humpa mtumiaji dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Namba ya VA iliyoandikwa juu yake si wati. Nguvu halisi huwa ndogo kuliko namba hiyo. Printa ya leza isichomekwe kwenye betri ya UPS, kwa kuwa inapopasha moto huvuta umeme mwingi kwa mkupuo na inaweza kukiangusha kifaa hicho.

Mwisho ni programu. Windows na Office zilizovunjwa ufunguo huonekana kuwa za bure, lakini programu za kuvunja ufunguo ni njia inayojulikana ya kuingiza virusi. Katika kibanda ambamo wateja huacha nakala za vitambulisho vyao, hatari hiyo haimhusu mwenye mashine peke yake. Asiyeweza kulipia leseni ana njia halali: mifumo ya Linux kama Ubuntu au Linux Mint, pamoja na LibreOffice, hupatikana bila malipo, na huweza kuipa mashine ya kizazi cha sita au cha saba miaka mingine ya kazi salama. Si jambo geni kwa lugha yetu: mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Kabla ya kuhamia huko, mnunuzi ahakikishe kwamba printa yake inakubaliana na mfumo huo.

Robo saa ya ukaguzi

Muuzaji mwaminifu hatamzuia mteja kuijaribu mashine. Mambo haya yanaweza kukaguliwa kwa robo saa:

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Katika sehemu ya utendaji, jina kamili la kichakataji, kiasi cha kumbukumbu na aina ya diski vitaonekana. Vilinganishwe na alichosema muuzaji.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, kisha tafuta toleo la 2.0.

Tazama katika mipangilio kama Windows imeidhinishwa, na uulize ilivyoidhinishwa.

Izime mashine na kuiwasha tena. Ikidai neno la siri kabla ya Windows kuanza, hilo liondolewe mbele yako, maana baadhi ya mashine zilizotoka maofisini bado zina vizuizi vya wamiliki wa kwanza.

Chomeka kitu katika kila tundu la USB, jaribu sauti, na uiache iwake huku ukisikiliza feni. Kelele ya kukwaruza au kuzimika ghafla ni sababu ya kuondoka.

Andikisha kwenye risiti kichakataji, kumbukumbu, diski na muda wa waranti. Maneno ya mdomo hayarudishi fedha.

Naye anayeondoa mashine kongwe asiitupe jalalani wala kuichoma, kwa sababu ndani yake mna risasi na kemikali nyingine zenye madhara. Nchini Rwanda, kwa mfano, taka za elektroniki hushughulikiwa na kiwanda kilichopo wilayani Bugesera. Kabla ya kuiacha mikononi mwa mwingine, diski itolewe au ifutwe, kwa maana nyaraka za wateja ni amana.

Bajeti ndogo haimlazimishi mtu kununua kitu duni. Inamlazimisha kuuliza zaidi. Mwenye kujua kizazi cha kichakataji, kiasi cha kumbukumbu na hesabu ya umeme wake, huingia dukani akiwa mteja ambaye muuzaji atalazimika kumweleza ukweli.