Nyumba Moja, Mita Nne: Uchumi wa Kugawa Umeme Katika Majengo Yaliyogeuzwa Fleti

Nyumba nyingi za kupangisha zinazoingia sokoni katika miji ya Tanzania, na Dar es Salaam hasa, hazijengwi upya, bali hupatikana kwa kugeuza majengo yaliyokwisha kuwapo. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya familia moja katika Sinza, Magomeni au Mikocheni hugawanywa kwa kuta mpya, milango ya ziada hutobolewa, kila sehemu huwekewa jiko na choo chake, na mwenye nyumba aliyekuwa na mpangaji mmoja huwa na wanne. Mfumo wa umeme, hata hivyo, mara nyingi huachwa ulivyokuwa, kwa maana kwamba kaya nne huendelea kutumia mita moja, swichi kuu moja na nyaya zilizosukwa kwa mahitaji ya kaya moja. Uamuzi huo huonekana kuokoa fedha, lakini hesabu ya bei za umeme zilivyo inaonyesha kinyume chake.

Wateja wadogo wa Shirika la Umeme Tanzania, TANESCO, hulipia umeme kabla ya kuutumia kwa utaratibu wa LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, na bei wanayotozwa hutegemea kundi walilomo. Kwa bei zilizoidhinishwa na EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, na kuanza kutumika Aprili 2016, kundi la D1 ni la kaya zenye matumizi madogo: uniti 75 za kwanza kwa mwezi hutozwa shilingi 100 kila moja, na kila uniti inayozidi hapo hutozwa shilingi 350. Uniti moja ni kilowati moja iliyotumika kwa muda wa saa moja. Kundi la T1, ambalo huchukua wateja wa kawaida wanaovuka kiwango hicho pamoja na biashara ndogo, hutozwa shilingi 292 kwa kila uniti tangu ya kwanza. Kundi la D1 limekusudiwa pia kwa umeme wa njia moja tu, wa volti 230. Nyumba iliyounganishwa kwa njia tatu, ambao mafundi huuita umeme wa fezi tatu, haimo katika nafuu hiyo hata kama wakazi wake wanatumia kidogo namna gani.

Maana ya tofauti hiyo huonekana vizuri kwa mfano. Kaya nne zinazotumia uniti 60 kila moja hutumia jumla ya uniti 240 kwa mwezi, na zikiwa kwenye mita moja iliyo katika T1 hulipa shilingi 70,080, kabla ya kodi ya ongezeko la thamani na tozo nyingine. Kaya hizo hizo, kila moja ikiwa na mita yake katika D1, zingelipa shilingi 6,000 kila moja, yaani shilingi 24,000 kwa jumla. Pengo ni shilingi 46,080 kila mwezi. Kwa ada ya kuunganishiwa umeme wa njia moja mijini bila nguzo, iliyotangazwa mwaka 2022 kuwa shilingi 320,960, mita tatu za nyongeza zingegharimu shilingi 962,880, fedha ambazo nafuu ya bei pekee ingezirudisha katika muda wa miezi 21 hivi. Gharama ya kusuka nyaya upya huurefusha muda huo, lakini jengo linalopangishwa hutumika kwa miongo, na ni ukarabati mchache wa kawaida wa nyumba unaorudisha fedha kwa kasi ya namna hiyo.

Kikwazo ni kwamba anayelipia mita si yule anayefaidi nafuu. Mwenye nyumba ndiye anayetoa ada na kumlipa fundi, ilhali akiba humwendea mpangaji, na kwa kuwa mikataba mingi ya pango haisemi lolote kuhusu umeme zaidi ya kutaja kwamba upo, hakuna njia iliyo wazi ya kugawana faida hiyo. Hapo ndipo soko la mita ndogo za ndani lilipopata nguvu, hasa nchini Kenya, ambako kampuni binafsi huziuza na kuziendesha kwa tokeni, yaani namba za malipo zinazoingizwa kwenye mita, mfano wa zile za shirika la umeme la huko, Kenya Power. Mita ya ndani hupima matumizi ya kila fleti na hivyo huondoa ugomvi wa nani aliwasha pasi usiku kucha. Hilo ni jambo la thamani katika nyumba za kuchangia. Lakini haibadilishi kundi la bei la mita kuu iliyo nyuma yake, kwa hiyo hugawa deni kwa haki bila kulipunguza, na humwacha mpangaji katika bei atakayoipanga mwenye nyumba. Mita hizo zina udhaifu mwingine uliodhihirika mwaka 2024, wakati mita nyingi duniani zinazotumia mfumo wa pamoja wa tokeni za tarakimu 20 zilipotakiwa kuhuishwa kabla ya tarehe 24 Novemba: mteja wa shirika la umeme alipata maelekezo na namba za kuhuishia kutoka kwa shirika lake, ilhali aliye kwenye mita ya ndani alimtegemea aliyeifunga.

Wamiliki wengine huogopa mita nyingi kwa sababu ya kodi ya majengo, ambayo tangu Agosti 2021 hukusanywa kupitia LUKU na ambayo kwa nyumba ya kawaida ni shilingi 1,500 kwa mwezi tangu 2023. Hofu hiyo ina msingi mdogo, kwa kuwa kodi hutozwa jengo wala si mita, na mmiliki anayetoa taarifa huwekewa makato kwenye mita moja tu. Asiyetoa taarifa ndiye anayeweza kukatwa mara nne, au kuwaachia wapangaji wake mzigo ambao kisheria ni wake.

Upande wa ufundi ndio unaotenganisha kazi iliyokamilika na ile iliyofichwa nyuma ya plasta. Katika nyumba ya familia moja, nyaya za taa kwa kawaida hupita vyumba vyote kwa mzunguko mmoja au miwili, na za soketi vivyo hivyo, bila kujali ni ukuta upi utakaokuja kuwa mpaka. Fundi anapofunga mita ya pili bila kuivunja mizunguko hiyo ya zamani, soketi ya chumba cha kulala cha fleti moja hubaki ikila umeme wa fleti ya jirani, na, jambo baya zaidi, nyaya za fleti mbili huweza kuazimana nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme. Anayezima swichi yake kuu ili abadilishe soketi huamini kwamba amekata umeme wote, kumbe nyutro anayoishika inarudisha umeme wa jirani ambaye taa zake zinawaka. Dawa yake ni moja: kila fleti iwe na mizunguko yake kamili, kuanzia mita yake hadi taa ya mwisho, na isiwe na waya hata mmoja unaovuka mpaka.

Mzigo wa umeme nao hubadilika. Hita ya maji ya kuogea inayochemsha papo kwa papo, yenye wati 5,000, huvuta ampea 22 hivi kwenye volti 230, na hita nne zikiwashwa asubuhi kwa pamoja huvuta takriban ampea 87, mzigo ambao waya mkuu wa nyumba iliyosukiwa taa, feni, friji na pasi haukukusudiwa kuubeba. Baadhi ya wamiliki hutatua hilo kwa kuomba fezi tatu na kuzigawa kati ya fleti, njia inayofaa pale ambapo mizigo imesawazishwa na nyutro ya pamoja imefungwa kwa uimara. Nyutro hiyo ikilegea au kukatika, volti 400 zilizopo kati ya fezi na fezi hugawanyika kati ya fleti kulingana na mizigo yake: fleti yenye vitu vingi vilivyowashwa hupata umeme hafifu, na ile yenye televisheni na taa moja hupokea umeme unaokaribia volti 400. Wapangaji wengi waliounguliwa friji na televisheni kwa siku moja hudhani ni hitilafu ya shirika, na wakati mwingine ndivyo ilivyo, lakini kiungo kilicholegea ndani ya boksi la nyumba yao wenyewe huleta madhara yale yale.

Mji Mkongwe wa Zanzibar huonyesha ugumu wa kazi hii kwa kiwango cha juu kabisa. Nyumba kubwa zilizotaifishwa baada ya Mapinduzi ya 1964 ziligawiwa familia nyingi, chumba kwa chumba, katika majengo ya mawe ya matumbawe na chokaa yenye dari za boriti za mikoko. Kuta hizo hazistahimili kuchimbwa ovyo ili kufukia mabomba ya nyaya, na mji ukiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, ukarabati huhitaji idhini ya mamlaka ya hifadhi. Kwa hiyo nyaya hupitishwa juu ya kuta, na ubora wa kuzikinga na kuzishikiza ndio unaoamua iwapo boriti kavu zilizo juu yake ziko salama.

Sheria ya Umeme ya 2008 iliiweka kazi ya kufunga umeme majumbani chini ya leseni, ambazo EWURA huzitoa kwa madaraja kulingana na ukubwa wa kazi. Hata hivyo katika ugeuzaji wa nyumba mkandarasi mwenye leseni mara nyingi huitwa mwishoni, baada ya fundi wa mtaani kumaliza kusuka, ili mchoro na muhuri vipatikane kwa ajili ya maombi ya TANESCO. Muhuri uliotolewa kwa kazi ambayo mwenye leseni hakuipima hauna thamani yoyote kwa anayelala ndani ya nyumba hiyo, na fundi wa mtaani aliyepita VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na kufanya kazi kwa uangalifu angestahili kusaidiwa kupata leseni yake kuliko kuachwa akijificha nyuma ya jina la mwingine.

Mmiliki anayekusudia kugawa nyumba yake na amwite mkandarasi mwenye leseni kabla ya mwashi, kwa sababu nyaya zikipangwa kabla ya kuta kupandishwa hugharimu sehemu tu ya bei ya kubomoa kuta hizo baadaye. Mpangaji naye, kabla ya kulipa pango, azime swichi kuu ya fleti anayoonyeshwa na kujaribu kila taa na kila soketi. Chochote kitakachoendelea kuwaka kinatumia mita ya mtu mwingine, na mkataba haufai kusainiwa mpaka kirekebishwe.