Koo, makoo na ukoo katika ufugaji wa nguruwe

Katika wilaya za Tarime na Serengeti, neno koo likitajwa, wengi huwaza koo za Wakurya, mathalani Wanyabasi na Watimbaru. Huo ni wingi wa ukoo (u-/zi-). Lipo koo jingine, ambalo wingi wake ni makoo (a-/wa-): mnyama jike aliyekwisha kuzaa. Ambaye hajazaa ni mtamba.

Mfasiri wa kijitabu cha ufugaji asiyachanganye. "Chagua makoo bora" humwelekeza mfugaji kwa majike wanaozaa na kulea vizuri. "Chagua koo mbalimbali" humtaka atafute damu tofauti. "Chagua koo bora" hubeba maana zote mbili, kwani kivumishi bora hakina upatanisho wa kumwongoza msomaji.

Agizo la pili lina uzito wake. Idadi ya watoto katika uzao mmoja hurithiwa kwa kiwango kidogo. Lishe na matunzo huchangia zaidi. Lakini dume akiwapanda binti zake, tofauti za vinasaba hupungua, na watoto huelekea kuwa wachache na dhaifu. Mimba ya nguruwe huchukua siku 114 hivi, yaani miezi 3, wiki 3 na siku 3. Kosa la mfasiri litaonekana bandani siku hiyo.