Zambia: Je, Ni Mishahara Iliyoleta Deni?

Kila serikali inapobanwa na madeni, kauli ya kwanza tunayoisikia ni kwamba mishahara ya walimu, wauguzi na makarani inamaliza hazina. Mwenzetu wa kiwandani au shambani, ambaye kipato chake ni kidogo zaidi, huikubali upesi. Hebu tutazame yaliyowapata jirani zetu wa Zambia.

Mwaka 2013 serikali ya Zambia iliwaongezea watumishi wake mishahara kwa kiasi kikubwa. Hatufichi ukweli: nyongeza hiyo ilikuwa sababu mojawapo ya matumizi kupita mapato. Ndipo ikatangazwa kwamba mwaka 2014 na 2015 mishahara haitapanda.

Kama mishahara ndiyo mzizi wa deni, basi deni lingetulia. Halikutulia. Mwaka 2012 serikali ilikuwa imekwisha kopa dola milioni 750 kwa kuuza hati za mkopo kwa matajiri wa ng'ambo. Mwaka 2014, mishahara ikiwa imezuiwa, ikakopa kwa njia hiyo hiyo dola milioni 1,000, na mwaka 2015 dola milioni 1,250. Mbali na hizo, ilikopa China kwa ajili ya barabara, viwanja vya ndege na umeme.

Hapa pana jambo la kuelewa. Mshahara wa mwalimu hulipwa kwa kwacha, naye huutumia katika soko la mtaani kwake, na sehemu yake hurudi serikalini kwa njia ya kodi. Riba ya hati zile hulipwa kwa dola, na dola za Zambia hutoka hasa katika shaba. Mwaka 2015 bei ya shaba ilianguka, na kwacha ikaanguka nayo. Mwaka 2013 dola moja ilinunuliwa kwa kwacha 5 na ushei. Mwisho wa mwaka 2020 ilizidi kwacha 20. Deni lile lile likawa karibu mara nne kwa hesabu ya kwacha, hata kama asingeongezewa mtumishi ngwee moja.

Novemba 2020 Zambia ilishindwa kulipa riba ya dola milioni 42.5. Mkata miwa hakukopa kitu, lakini kwacha ilipoanguka, yeye naye alinunua vitu vya kutoka nje kwa bei mpya.

Kwa hiyo, tunapoambiwa kuwa mishahara ya wenzetu ndiyo iliyoleta deni, tuulize maswali matatu: Mkopo ulichukuliwa kwa fedha gani? Ulifanya kazi gani? Nani aliuidhinisha? Mishahara ina sehemu yake katika hesabu, wala tusikatae kuijadili. Lakini tusikubali kugombanishwa, mfanyakazi wa shamba na mwalimu wa mtoto wake, kabla hesabu yote haijawekwa mezani.