Beseni likichafuka, kipimajoto hudanganya

Friji ya chanjo ikisoma nyuzi 5, nani alihakikisha si 9? Ukifuatilia utafika kwa beseni la maji ndani ya maabara.

Chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Ya pepopunda ikiganda, imeisha. Ndiyo maana vipimajoto hupelekwa maabara kama za KEBS, vinatumbukizwa kwenye beseni ambalo mota inakoroga maji ili joto liwe sawa kila upande, kisha vinalinganishwa na kipimajoto kinachoaminika.

Sasa beseni lenyewe ndilo lina kazi, na si kazi ya kupostiwa Insta. Angalia kimo cha maji kabla ya kuwasha. Yakipungua, ongeza yasiyo na chumvi, kama yale ya betri. Ya mfereji huacha ukoko kwenye hita, kama ule wa birika la nyumbani. Ukiona utelezi wa kijani, mwaga yote, sugua, jaza upya. Sikiza mota pia: ikikwama, juu kunachemka, chini baridi.

Kile kipimajoto kinachoaminika nacho hujaribiwa kwa barafu safi iliyopondwa na kulowa maji: lazima kisome 0. Usitegemee maji yanayochemka. Hapa Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, huchemka karibu nyuzi 95, si 100.

Ukimaliza, andika kwenye daftari. Anayeruka kusugua leo hataona hasara yoyote. Itaonekana kliniki, mtoto akidungwa chanjo iliyokwisha nguvu.