Utafiti wa Siasa ya Dunia: Mfano wa Vikwazo vya Rhodesia

Mwanafunzi wa chuo anapotakiwa kuandika utafiti juu ya siasa ya dunia, mara nyingi hutuletea kurasa ishirini zenye kichwa kama "Ubeberu na Afrika". Ubeberu unalaaniwa tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Huenda hakuna lililo uongo humo, lakini hakuna lililochunguzwa, kwa sababu mwandishi alikuwa na jibu kabla hajauliza swali. Kazi ya namna hiyo haimwelimishi yeye, wala haimsaidii mwananchi atakayesimama mkutanoni kumwuliza: kwa nini mambo yalikwenda hivi na si vile?

Kulaani si kuchambua. Kuchambua ni kutafuta sababu na kuzithibitisha. Tutaeleza hatua za kazi hiyo kwa mfano mmoja wa Kusini mwa Afrika, yaani vikwazo vya uchumi dhidi ya utawala wa walowezi wa Rhodesia, nchi ambayo tangu 1980 ni Zimbabwe.

Kwanza: swali

"Vikwazo vya Rhodesia" ni jina la jambo, si swali. Swali ni hili: kwa nini vikwazo vilivyoanza 1965 havikuulazimisha utawala wa Ian Smith kusalimu amri kwa zaidi ya miaka 10? Swali hili lina mahali, lina wakati, lina wahusika wanaojulikana. Tena linaweza kujibiwa kwa ushahidi, na ushahidi huo unaweza kumshangaza hata mwulizaji. Kama hakuna ushahidi wowote unaoweza kukubadilisha mawazo, basi hujauliza swali, umetoa tamko.

Pili: maneno na matendo

Chukua karatasi, uigawe sehemu mbili. Upande mmoja andika yaliyosemwa, upande wa pili yaliyotendwa, kila moja na tarehe yake.

Tarehe 11 Novemba 1965 Smith alijitangazia uhuru wa walowezi wachache. Januari 1966, mjini Lagos, Waziri Mkuu wa Uingereza, Harold Wilson, alisema kuwa vikwazo vingeweza kumaliza uasi huo katika muda wa wiki badala ya miezi. Mwezi Aprili mwaka huohuo Baraza la Usalama, kwa Azimio Namba 221, liliipa Uingereza idhini ya kuzuia kwa nguvu meli za mafuta zilizoelekea bandari ya Beira. Desemba 1966, Azimio Namba 232 lilipiga marufuku biashara ya bidhaa maalumu, zikiwemo krome, tumbaku na mafuta. Mei 1968, Azimio Namba 253 lilipanua marufuku hiyo karibu kwa biashara yote.

Hayo ndiyo maneno. Sasa tazama upande wa pili. Manowari za Uingereza zililinda Beira hadi 1975, lakini mafuta yalipita Lourenço Marques na Afrika Kusini. Ureno na Afrika Kusini hazikuvitekeleza vikwazo. Machi 1970 Marekani ilitumia kura yake ya turufu kwa mara ya kwanza kabisa katika Baraza la Usalama, pamoja na Uingereza, juu ya suala hilohilo la Rhodesia. Mwaka 1971 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyoruhusu krome ya Rhodesia kununuliwa, na ruhusa hiyo haikuondolewa hadi 1977. Mwaka 1978 ripoti ya uchunguzi wa Bingham, ulioagizwa na Serikali ya Uingereza yenyewe, ilionyesha jinsi makampuni ya mafuta ya Uingereza yalivyohusika katika kuifikishia Rhodesia mafuta.

Hapo mwanafunzi hana haja ya kupiga kelele. Pande mbili za karatasi zinasema zenyewe.

Tatu: ushahidi unaotuuma

Hii ndiyo hatua inayokwepwa zaidi. Mtafiti hana budi kuandika pia mambo yasiyoipendeza hoja yake, hata yakiwa ya upande wake mwenyewe.

Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliwataka wanachama wake wavunje uhusiano na Uingereza kama uasi haungekuwa umekomeshwa ifikapo tarehe 15 Desemba 1965. Tanzania ilivunja siku hiyo, na ikapoteza mkopo wa pauni milioni 7.5. Lakini nchi zilizofanya hivyo zilikuwa chache tu. Zambia, iliyokuwa mstari wa mbele, iliendelea kupata umeme wa Kariba kutoka kituo kilichokuwa ukingo wa kusini, mikononi mwa Smith. Mwaka 1978 iliifungua tena njia ya reli ya kusini.

Je, huo ulikuwa usaliti? Mtafiti mvivu ataficha habari hiyo, au ataitumia kutukana. Mtafiti wa kweli atauliza tena: nchi isiyo na bahari, ambayo reli yake na umeme wake vilijengwa na mkoloni kuelekea kusini, ingeweza kufunga mlango huo kwa siku moja? Bomba la mafuta la Dar es Salaam hadi Ndola lilifunguliwa 1968. Reli ya TAZARA ilianza kujengwa 1970. Ukweli uliotuuma umetufundisha zaidi kuliko ule uliotupendeza.

Nne: hitimisho

Msumbiji ilipata uhuru Juni 1975 na kufunga mpaka wake na Rhodesia Machi 1976. Septemba 1976 Smith alikubali hadharani msingi wa utawala wa walio wengi. Usiandike haraka kwamba jambo la pili lilisababishwa na la kwanza peke yake. Katika miezi hiyo vita vya wapigania uhuru vilipamba moto, na Afrika Kusini nayo ilikuwa ikimshinikiza Smith. Pima kila sababu, kisha sema ni ipi nzito na kwa nini.

Hitimisho linalostahili laweza kuwa hili: vikwazo viliwaumiza walowezi, hasa wakulima wa tumbaku, lakini havikutosha maadamu majirani wawili waliacha njia wazi na wakubwa wa dunia walinunua walichokihitaji. Mwingine anaweza kufikia hitimisho tofauti. Asahihishwe kwa ushahidi wake, si kwa ukali wa lugha yake.

Hati za Baraza la Usalama leo zinapatikana hata katika intaneti. Kabla ya kuandika sentensi ya kwanza, mwanafunzi asome Azimio Namba 253 lote, aandike kando majina ya nchi zilizolipigia kura, kisha aulize kila moja ilifanya nini mwaka uliofuata.