Ng'echeret: Kigoda Kisicho na Kiungo

Aghalabu watu huipima thamani ya kiti kwa wingi wa nakshi zake. Kwa kipimo hicho, ng'echeret, kigoda cha Wakipsigis wa Kericho na Bomet, huonekana duni. Ikumbukwe kwamba katika miaka ya 1760, mafundi wa Philadelphia, Marekani, walitengeneza viti vya mahogani vilivyonakshiwa majani na maua, miguu yake ikiishia kwa kucha za ndege zilizoshika tufe. Hata hivyo, viti hivyo viliungwa kwa vipande vingi, ulimi wa kimoja ukichomekwa katika tundu la kingine. Mguu ukiharibika, fundi angeweza kuchonga mwingine.

Ng'echeret, kwa upande wake, huchongwa kutokana na gogo moja. Kikalio na miguu ni mwili mmoja: hakuna gundi, msumari wala kiungo cha kulegea. Tezo ikikata kupita kiasi, gogo zima limeharibika. Kwa hivyo, wepesi wa umbo lake usimhadae mtazamaji. Kigoda hicho kinapoachwa kwa ajili ya kiti cha plastiki, kinachotoweka ni ustadi usiovumilia kosa.