Mbaazi ni zilezile, namba ni mbili: takwimu za lishe za kwenye simu zachanganya soko

KARATU. Mfuko wa mbaazi wa kilo moja hauongezeki uzito kutoka asubuhi hadi jioni, lakini ukiiuliza simu una protini kiasi gani, utapata majibu yanayopishana kwa zaidi ya mara tatu. Programu za kuhesabu chakula, ambazo mtumiaji huandika alichokula naye akaletewa jumla ya kalori, huonyesha mbaazi kuwa na protini gramu 22 hivi katika kila gramu 100. Mstari unaofuata, katika programu hiyohiyo, huonyesha gramu 7 au pungufu kidogo.

Namba zote mbili ni sahihi. Ya kwanza ni ya mbaazi kavu, kama zinavyotoka kwenye gunia, na ya pili ni ya mbaazi zilizochemshwa. Katikati yake hakuna kingine ila maji. Tatizo ni kwamba mistari mingi imeandikwa "mbaazi" tu, bila kueleza ni kavu au za kupikwa, na mtu mwenye haraka huchagua wa kwanza kuuona.

Aliyekula bakuli la gramu 300 za mbaazi zilizoiva, akabonyeza mstari wa mbaazi kavu, ataandikiwa protini gramu 65 na kalori zaidi ya 1,000. Alichokula hasa ni protini gramu 20 na kalori zisizofika 370. Kama ni mgonjwa wa kisukari anayefuata ratiba aliyopewa kliniki, au mama anayejaribu kumnenepesha mtoto aliyedhoofu, kosa hilo si dogo hata kidogo.

Kwa mfanyabiashara wa Karatu jambo hili lina uzito wake wa pekee. Mbaazi za ukanda huu, pamoja na za Mbulu na Babati, zilizoea kwenda India. Agosti 2017 serikali ya India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingia nchini humo, na bei kwa mkulima wa Tanzania ikaanguka. Wengi walibaki na magunia ghalani. India ilifungua tena mlango mwaka 2021, lakini waliopata hasara ile walijifunza kutafuta mlaji wa ndani. Na mlaji wa ndani, hasa wa mjini, hushawishiwa kwa neno moja: protini. Ndipo mfungashaji mdogo anapochukua simu, anasoma namba, na kuipeleka kwa mchapaji wa mifuko.

Namba hizo zinatoka wapi? Programu inayojulikana zaidi, MyFitnessPal ya Marekani, ilianzishwa mwaka 2005 na ikakua kwa sababu kila mtumiaji aliruhusiwa kuongeza chakula chake kwenye orodha. Mmoja anaandika "ugali", mwingine anaandika "ugali wa mama", wa tatu anakosea nukta ya desimali, na yote huingia. Wingi huo wa orodha ndio uliokuwa bidhaa. Mwaka 2015 kampuni ya mavazi ya michezo ya Under Armour iliinunua kwa dola milioni 475, na mwaka 2020 ikakubali kuiuza kwa dola milioni 345. Wawekezaji wanaopenda kusikia kwamba takwimu ni mali wangefaa kuitazama tofauti hiyo ya dola milioni 130.

Mistari mingine hutokana na mistari myembamba na minene iliyochapishwa kwenye pakiti, ile inayosomwa na kamera ya simu. Wapo wanaodhani kwamba mistari hiyo imebeba habari za lishe. Haijabeba. Ina namba ya utambulisho tu, na zile zilizotolewa kupitia GS1 Tanzania huanza na 620. Habari za lishe zinatafutwa katika orodha ya mwenye programu, na kama bidhaa haimo, mtumiaji anaombwa aijaze mwenyewe. Kiwanda kikibadilisha mchanganyiko wake, namba ya zamani inaweza kubaki pale pale miaka mingi.

Tanzania inalo jedwali lake la chakula. Lilitolewa mwaka 2008 na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe, pamoja na Chuo Kikuu cha Harvard, na limeorodhesha vyakula vya kwetu kwa majina yake, pamoja na mapishi. Hata hivyo, sehemu kubwa ya takwimu zake zilikusanywa kutoka majedwali ya nje, likiwemo la Wizara ya Kilimo ya Marekani, badala ya kupimwa upya maabara. Kenya ilitoa la kwake mwaka 2018. Haya ni majedwali ya kuaminika kuliko simu, lakini nayo hutoa wastani tu, na wastani haujui sufuria ya mtu.

Mfano ni ugali. Unga wa dona kilo moja una kalori 3,600 hivi, upikwe na nani na wapi. Mpishi akitumia maji lita mbili, anapata ugali wa karibu kilo tatu, ukiacha mvuke, yaani kalori 120 kwa gramu 100. Akitumia lita moja na nusu, ugali ni mgumu zaidi na gramu 100 zina kalori 144. Sahani ya gramu 400 inatofautiana kwa kalori karibu 100 kabla mboga haijawekwa. Hakuna programu inayoweza kujua ugali wako ni mgumu kiasi gani.

Mafuta ya kupikia ni mabaya zaidi. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, wakati ya wanga au protini ina 4. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ni kalori 120, na mama lishe hapimi kwa kijiko, anamimina. Kwa upande mwingine kitunguu cha Mang'ola, ambacho ndicho fahari ya bonde la Eyasi, kina kalori 40 tu kwa gramu 100. Ukikosea hapo hujamdhuru mtu.

Upande wa Ngorongoro kuna maziwa. Mstari wa "maziwa" kwenye simu kwa kawaida ni maziwa ya kiwandani ya Marekani, yaliyosawazishwa mafuta yafikie asilimia 3 na kitu. Ng'ombe wa kienyeji hutoa maziwa machache lakini yenye mafuta mengi kuliko hayo, hivyo kibuyu cha mfugaji kina nguvu kuliko simu inavyosema. Sehemu nyingine ya chakula cha wafugaji hao ni mahindi ya kununua. Kilimo ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro kilipigwa marufuku mwaka 1975, kikaruhusiwa mwaka 1992, kikazuiwa tena mwaka 2009. Tangu hapo soko la Karatu ndilo ghala lao la karibu, na anayekadiria mahitaji ya kaya kwa kalori za maziwa ya kopo atakosea pia idadi ya magunia.

Kosa la namna hii halikuanza na simu. Katika wilaya hii hii, kando ya Ziwa Eyasi, watafiti walihangaika muda mrefu na viazi pori vya Wahadzabe. Ukikipeleka kiazi kizima maabara kinaonekana chakula cha kutosha. Lakini mlaji hutafuna, hunyonya, kisha hutema nyuzinyuzi. Margaret Schoeninger na wenzake walipochapisha vipimo vyao mwaka 2001, suala lilikuwa ni sehemu gani hasa inamezwa, maana nguvu iliyomo kwenye makapi haimfikii mtu.

Kuna na upande wa kalori zinazotumika. Programu nyingi humrudishia mtumiaji kalori kila anapotembea, naye huona ana haki ya chapati ya ziada. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walitoa matokeo ya kupima Wahadzabe watu wazima 30 kwa maji maalumu ya kimaabara. Wanaume walitembea wastani wa kilometa 11 hivi kwa siku. Hata hivyo, nguvu waliyotumia kwa siku nzima, ukizingatia ukubwa wa mwili, haikuzidi ya Wamarekani na Wazungu waliolinganishwa nao. Saa na vikuku navyo si vya kutegemea. Chuo Kikuu cha Stanford kilipopima vifaa saba mwaka 2017, kilichofanya vizuri kuliko vyote katika kukadiria kalori kilikosea kwa wastani wa asilimia 27.

Turudi kwenye mfuko wa mbaazi. Mtumiaji wa simu akikosea, kosa ni lake na tumbo lake. Mfungashaji akichapisha namba hiyo kwenye lebo, imekuwa kauli yake kwa mnunuzi. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa ubora na usalama wa chakula, uliokuwa chini ya TFDA, uko kwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na haitakuwa utetezi kusema namba ilitoka kwenye programu. Hoteli na kambi za wageni zilizopo Karatu na ukingoni mwa kreta nazo hupokea watu wanaosoma lebo kabla ya kufungua pakiti.

Hakuna anayedai usahihi wa dhahabu. Huko Marekani kwenyewe mamlaka ya chakula inavumilia kalori kuzidi zilizoandikwa kwa hadi asilimia 20, kwa kuwa mavuno na udongo havifanani. Lakini kati ya gramu 22 na gramu 7 hakuna uvumilivu wa nchi yoyote unaotosha. Dawa ya bei rahisi ni kuandika neno "kavu" au "zilizopikwa" kando ya namba, na kutaja uzito uliopimwa. Dawa ya gharama ni maabara, na gharama hiyo ni nyepesi wafungashaji wanne watano wa eneo moja wakichangia sampuli ya mbaazi za aina moja.

Mbaazi za muda mrefu za nyanda hizi huanza kuvunwa Agosti. Mwenye nia ya kufungasha msimu huu aulize maabara inahitaji wiki ngapi kabla hajalipa mchapaji, kwa sababu mifuko ikishachapwa kwa maelfu, wino haufutiki.